Unga wa vitunguu unafanya mabonge? Soma hapa kabla hujanunua "dawa" ya kuuzuia



Bei ya kitunguu ikianguka hapa Ruaha Mbuyuni, kila kijana anakuja na wazo lilelile: tukate, tukaushe, tusage, tuuze unga. Wazo ni zuri. Kitunguu kibichi kinaoza, kinaota, kinajazwa kwenye lumbesa na dalali anakupangia bei. Unga unakaa, na wewe ndiye unayepanga bei. Hesabu yake ni rahisi: kilo 100 za kitunguu kilichomenywa, kama kina maji asilimia 88, zina kilo 12 tu za kitu kikavu. Ukikausha mpaka yabaki maji asilimia 5, unapata unga kama kilo 12 na nusu.

Sasa shida. Unga unatoka mashineni mzuri kabisa, unanukia, unamiminika kama mchanga mkavu. Unaujaza kwenye makopo, unabandika lebo, unapeleka Dar. Wiki tatu baadaye simu inaita: "Kaka, mzigo wako umeganda, njoo uuchukue." Ukifika unakuta kopo zima limekuwa jiwe moja. Ukiligonga halitoki, na mteja amekwisha kusema maneno yake.

Hapo ndipo watu wanaanza kutafuta "dawa". Nimeulizwa na vijana wa bonde hili kama wachanganye unga wa sembe, kama waweke chokaa, kama poda ya mtoto inafaa maana nayo ni nyeupe na laini. Mmoja aliniuliza kuhusu udongo ule wanaokula wajawazito. Jibu kwa yote hayo ni hapana, na nitaeleza kwa nini. Lakini dawa yenyewe ipo kweli. Ni madini, yanaruhusiwa kwenye chakula, na huenda umeyala leo asubuhi bila kujua. Angalia nyuma ya kopo la maziwa ya unga au pakiti ya viungo. Ukiona namba 551, 552, 554, 341 au 504 (mara nyingine zina herufi E mbele), hao ndio wenyewe.

Kwanza elewa kwa nini unaganda

Kitunguu kina sukari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukali unaficha utamu tu. Kuna glukosi, fruktosi, sukari ya kawaida, na minyororo mirefu ya fruktosi. Ukikausha, maji yanaondoka na sukari hizo zinabaki ngumu kama kioo. Yaani kila punje ya unga wako ni kipipi kidogo. Sasa chukua pipi, itoe kwenye karatasi, iache mezani Kariakoo siku mbili. Itanata vidole. Haikumwagiwa maji, imevuta unyevu wa hewa tu. Punje za unga zinafanya hivyohivyo: ngozi ya nje inalainika, punje inamshika jirani yake, zinaungana. Hewa ikikauka tena, ule mshiko unakuwa mgumu. Hilo ndilo bonge.

Ndiyo maana unga huohuo hapa kwetu hausumbui. Ruaha Mbuyuni tuko bondeni, chini ya Kitonga, joto kali, na kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu, mibuyu yenyewe imepukutika majani. Unapakia bidhaa kwenye hewa ya jangwani halafu unaipeleka kuishi pwani. Chumvi inakufundisha jambo hili vizuri. Chumvi safi huanza kuvuta maji hewani pale unyevu wa hewa unapozidi takribani asilimia 75. Chini ya hapo inakaa kavu, juu ya hapo inaanza kuyeyuka yenyewe. Kwa hiyo mama ntilie wa Iringa mjini chumvi yake inamwagika vizuri, na mwenzake wa Dar au Unguja anaweka punje za mchele ndani ya kopo.

Hili jambo lina ndugu yake kwenye stoo ya mbolea, na nalitaja kwa kuwa wengi mnapoteza hela hapo. Kwenye joto la nyuzi 30, urea huanza kuvuta unyevu hewani kwenye asilimia 72 hivi, na amonia naitreti kwenye 59. Ukizichanganya hizo mbili, mchanganyiko unaanza kuvuta unyevu kwenye asilimia 18 tu. Hakuna hewa ya Tanzania iliyo kavu kiasi hicho. Usichanganye urea na CAN ukaweka kwenye mfuko mmoja usubiri wiki ijayo, utakuta uji. Kaulize waliojaribu.

Madini yanafanya kazi gani

Punje mbili za unga zikigusana, zinavutana. Kadiri zinavyokuwa laini na karibu, ndivyo zinavyoshikana. Madini haya ni madogo mara nyingi sana kuliko punje ya unga. Ukiyachanganya, yanajipaka juu ya kila punje kama vumbi la barabarani linavyojipaka kwenye jani. Punje haimgusi tena mwenzake moja kwa moja, vumbi limekaa katikati. Hiyo ni kazi ya kwanza, na ndiyo inayofanya unga umiminike. Kazi ya pili ni kunywa unyevu kabla haujafika kwenye sukari. Ya tatu ni kufanya hata bonge likitokea liwe legelege, ukitikisa kopo linavunjika.

Mfalme wao ni silika, namba 551. (Siyo silika ya mtu, hii ni silikoni iliyoungana na oksijeni, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga.) Lakini usiende mtoni na ungo! Mchanga ni silika ya fuwele, na vumbi lake ukilivuta miaka mingi linaua mapafu, waulize wachimbaji. Silika ya chakula haina fuwele, inatengenezwa kiwandani, na ni laini ajabu: gramu moja ya aina iliyo nyepesi zaidi ina eneo la nje kama mita za mraba 200. Uwanja mzima wa mpira wa wavu una mita za mraba 162. Ndiyo maana kidogo sana kinatosha.

Wengine: silikati ya kalsiamu (552), ambayo inakunywa maji na mafuta mengi. Fosfeti ya kalsiamu (341), utaikuta kwenye maziwa ya unga. Kabonati ya magnesiamu (504), ya zamani kabisa: kampuni ya Morton ya Marekani iliiweka kwenye chumvi ya mezani mwaka 1911, na chumvi ikaanza kumwagika hata siku ya mvua. Chumvi ina na kingine cha kwake, ferosianidi (535 na 536). Jina linatisha, lakini ile sianidi imefungwa na chuma kwa nguvu sana, na kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka isizidi miligramu 14 kwa kilo ya chumvi. Hiyo ni ya chumvi tu, usiiwazie kwenye kitunguu.

Kwa unga wa kitunguu na kitunguu saumu, mimi nasema silika, basi. Ina historia ndefu kwenye viungo, haina ladha, haina harufu, na dozi yake ni ndogo. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya waliipitia upya, na mwaka 2024 wakasema hawaoni tatizo la kiafya kwa viwango vinavyotumika kwenye vyakula.

Vitu ambavyo usiweke

Poda ya mtoto ni talki au wanga wenye manukato. Talki ya kiwango cha chakula ipo, namba 553, ila talki ya ardhini huweza kukaa pamoja na asbesto, na mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka talki kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mteja akisikia umeweka poda kwenye kitunguu, umekwisha.

Chokaa ya kupaka nyumba inaunguza, na ladha yake itakusaliti siku hiyohiyo. Sembe haitakuua, na wanga mkavu kweli unasaidia kidogo, lakini watu wanaweka asilimia 20 au 30 halafu wanaandika "kitunguu asilia 100%". Huo ni wizi. Tena sembe yenye sumukuvu unaipeleka kwenye bidhaa ambayo haikuwa nayo.

Udongo. Najua hoja: kaolini ipo nchini, ipo Pugu, ipo hata kwetu Malangali kule Mufindi, kwa nini tununue nje? Kaolini ni nzuri kwa vigae, rangi na karatasi. Kwenye chakula ni habari nyingine. Ina aluminiamu, na udongo ambao haujasafishwa unaweza kuja na risasi na aseniki. Umoja wa Ulaya uliifuta kaolini (559) na bentonaiti (558) kwenye orodha ya viambato vya chakula kuanzia 2014 kwa sababu hiyo ya aluminiamu. Ukiweka, umejifungia soko la nje kwa mikono yako.

Majivu ya pumba za mpunga. Hili limeletwa na vijana wa Mbarali waliosoma mtandaoni kwamba pumba ina silika. Ni kweli, majivu yake kwa sehemu kubwa ni silika, na vipo viwanda duniani vinavyoitoa humo. Lakini vinayeyusha majivu kwa soda kali, vinaitoa tena kwa tindikali, vinaosha na kukausha. Majivu yako ya kwenye tanuri yana kaboni na chumvi za potasiamu, na moto ukizidi silika yake inageuka fuwele. Peleka bustanini.

La mwisho, na hili ndilo la hatari zaidi: vile vipakiti vidogo vya "usile" vinavyokuja ndani ya viatu na maboksi ya dawa. Ndani ni silika kweli. Kuna mtu atafikiri avisage. Vile vya punje za buluu vimetiwa rangi ya kobalti, ambayo ni sumu. Kipakiti kinakaa ndani ya boksi bila kufunguliwa, hakisagwi, hakichanganywi.

Namna ya kuchanganya

Kabla ya madini, kausha. Madini hayaokoi unga mbichi, nasema hili kwa sauti kubwa. Kata vipande vya milimita 3 mpaka 5, sawasawa, maana kipande kinene kimoja kinarudisha unyevu kwenye vyote. Kausha mwisho kwenye nyuzi 55 hadi 60. Kipande kilichokauka kinavunjika kwa mlio kama chipsi ya muhogo. Kikipinda, rudisha. Na wanaotumia kaushio la jua: jioni usiviache humo, usiku vinarudisha maji. Vifunge kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko kinachobana, asubuhi vitoe tena.

Saga mchana kuanzia saa sita hadi saa kumi, hewa ikiwa kavu kuliko wakati mwingine wote. Mashine ikipata moto sana sukari inalainika na unga unaganda kwenye chekeche, ndipo watu wanaanza kumtukana fundi. Saga kidogokidogo, ipumzishe. Wengine wanatia silika pamoja na vipande kabla ya kusaga, na mashine haizibi. Inafaa kabisa.

Dozi: Umoja wa Ulaya kwa vyakula vya unga vilivyokaushwa unaruhusu mwisho gramu 10 kwa kilo, yaani asilimia 1. Maziwa ya unga kwenye Codex ni hiyohiyo gramu 10. Marekani silika isizidi asilimia 2 ya uzito wa chakula. Mimi nakushauri usizidi asilimia 1, utakuwa salama kwenye masoko yote hayo. Unga kilo 25, silika gramu 250. Pima kwa mzani, usipime kwa kikombe wala kwa macho, kwa sababu silika ni nyepesi kama manyoya. Gramu 250 za ile nyepesi kabisa zinaweza kujaza ndoo ya lita 5, na macho yako yatakwambia umezidisha wakati hujazidisha.

Usiimwage yote kwenye pipa ukakoroga kwa mwiko. Chukua kilo moja ya unga, changanya na silika yote, pitisha kwenye chekeche mara mbili. Kisha huo mchanganyiko uuchanganye na kilo tatu au nne, halafu ndipo uingie kwenye mzigo wote. Vaa barakoa na funga feni. Unga ukiwa bado wa moto usipakie. Mvuke unaotoka utakaa chini ya kifuniko na kushuka kama umande.

Jaribio la Dar es Salaam ukiwa Ruaha Mbuyuni

Hili ndilo nataka kila mmoja alifanye kabla hajapeleka hata kopo moja mjini. Chukua boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Weka chini bakuli la maji yaliyotiwa chumvi nyingi mpaka nyingine inabaki chini haiyeyuki. Ndani ya boksi hilo lililofungwa, hewa itajipanga yenyewe kwenye unyevu wa asilimia 75. Ni ile namba ya chumvi tuliyoisema juu. Hapo umejitengenezea Dar yako mwenyewe kwa chumvi ya dukani.

Sasa weka ndani, juu ya kigoda kidogo ili visiguse maji, visahani vinne vya unga: kisicho na silika, chenye nusu asilimia, chenye asilimia moja, chenye mbili. Pembeni weka pakiti zako zilizofungwa kama utakavyouza. Angalia kila asubuhi, andika siku ambayo kila kimoja kimeganda.

Mtakachokiona kitawashangaza wengi. Kwenye visahani vilivyo wazi, hata chenye asilimia mbili kitaganda mwishowe. Silika inakununulia muda, haikujengei ukuta. Ukuta ni kifungashio. Pakiti ya nailoni nyembamba inapitisha mvuke wa maji pole pole mchana na usiku, na pakiti yenye tabaka la aluminiamu ndani karibu haipitishi kitu. Kopo lenye kifuniko cha kuzungusha bila karatasi ya kuziba mdomo ni mapambo tu. Mkulima mwenye hela ya kununua kimoja kwa sasa, anunue kifungashio kizuri kwanza, silika ifuate. Najua mnapenda kopo linaloonyesha bidhaa ndani. Lipendeni baada ya jaribio.

Silika inarudi kazini mteja anapofungua. Jikoni pale, kopo linafunguliwa juu ya sufuria inayotoa mvuke mara tatu kwa siku. Hapo aluminiamu haimsaidii tena, na asilimia moja ya silika ndiyo inayofanya mteja amalize kopo badala ya kulitupa nusu.

Dawa nazo ni hivyohivyo

Dawa ya watoto ya kuchanganya na maji, vidonge, antibayotiki za unga za kuku, viuatilifu vya unga kama mankozebu mnayopulizia baka la zambarau: nyingi zina silika, talki au kaolini ndani. Kwenye dawa kazi yake ni nzito kuliko kwenye chakula, maana kiungo chenye nguvu ni kidogo na lazima kila kijiko kiwe sawa na mwenzake. Dawa ya kuku ikiganda, bonge moja linaweza kubeba dozi ya kuku wengi na maji mengine yakabaki matupu. Ukiivunja kwa mkono na kuikoroga hujairekebisha. Mankozebu iliyopata unyevu inaharibika yenyewe, na mabonge yake yanaziba pua ya bomba. Usinunue iliyofunguliwa na kupimwa kwa kijiko dukani, hata akikupunguzia bei.

Na msichukue silika ya kiuatilifu au ya rangi mkaweka kwenye chakula kwa kuwa "ni kitu kilekile". Muuzaji wa kemikali atakuuliza unataka ya nini. Mwambie daraja la chakula, na mdai cheti cha uchambuzi chenye namba ya mzigo, kinachoonyesha vipimo vya risasi na aseniki. Asiye nacho, aga uondoke.

Upande wa serikali, chakula tangu 2019 kiko TBS. Ile TFDA ya zamani sasa ni TMDA, imebaki na dawa na vifaa tiba. Anzia SIDO, Iringa au Mbeya, upate ushauri na barua ya utambulisho, kisha TBS. Nenda na mchanganuo wako ulioandikwa, ukiwa na silika ndani yake. Usiifiche. Kwenye lebo andika: "Kitunguu, kizuia kugandamana (551)." Mnunuzi mkubwa akiona mstari huo anajua anaongea na mtu anayejua kazi yake. Akipima maabara akaikuta wewe hukuandika, mkataba hauna.

Suala la gharama: silika haiuzwi kwa kijiko, mara nyingi inakuja mfuko wa kilo 10. Kwa asilimia 1, mfuko huo unatosha tani nzima ya unga, ambayo ni karibu tani 8 za kitunguu kilichomenywa. Hakuna kijana mmoja wa hapa anayesaga kiasi hicho kwa msimu. Nunueni kikundi cha watu watano au sita wa Ruaha Mbuyuni, Msosa na Mtandika, mgawane kwa mzani, kila mmoja abaki na nakala ya cheti, na sehemu yake aifunge kwenye ndoo isiyopitisha hewa. Nayo hunywa unyevu.